Kilicho Chini ya Dhahabu
Hotuba kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi wa vito vya mitindo

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaoanza kushika koleo na tupa: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie namna vito vya mitindo vinavyotengenezwa, na nitakaa zaidi kwenye sehemu ambayo mnunuzi haioni. Akishika hereni anaona rangi, anaona umbo, anapima uzito kwa kiganja. Hawezi kujua kama ilisubiwa, yaani ilimiminwa ikiwa madini yaliyoyeyuka, au ilikatwa kwa shindilio, ile mashine ya kukata na kubonyeza, chini ya ule mng'aro wa dhahabu kuna tabaka ngapi, wala kama jiwe limeshikwa na makucha ya chuma au na tone la gundi. Mambo hayo ndiyo yanayoamua kama hereni itavaliwa miaka au itabadilika rangi mwezi huohuo. Mimi naamini kabisa kwamba kito cha madini ya kawaida kinaweza kuwa kazi ya heshima, na kwamba heshima hiyo hutengenezwa chini ya uso wake.

Wapo wanaoviita vito hivi vya uongo. Siafiki. Uongo ni kumwambia mtu kwamba brasi ni dhahabu. Kutengeneza kitu kizuri kwa brasi na kusema ni brasi ni ufundi kama ufundi mwingine, na una historia ndefu. Mtengeneza saa wa London, Christopher Pinchbeck, aliyefariki mwaka 1732, alichanganya shaba na zinki kwa kipimo kilichotoa rangi iliyokaribia sana dhahabu, na watu wakavaa minyororo ya saa ya aloi yake bila aibu. Miaka michache baadaye, Georges Frédéric Strass alikuwa Paris akikata vioo vyenye madini mengi ya risasi ndani yake, vikimeta kiasi kwamba mwaka 1734 alipewa cheo cha sonara wa mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1892 Daniel Swarovski alipata hataza ya mashine ya kukata vioo kwa umeme, na mwaka 1895 akahamia Wattens, Austria, alikopata nguvu ya maji ya kuendeshea mitambo. Katika miaka ya 1920 Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, aliwavalisha matajiri lulu za kutengenezwa pamoja na za baharini katika shingo moja, na tangu hapo haikuwa rahisi tena kumdharau mvaaji kwa sababu ya bei ya shanga zake. Huo ndio ukoo wetu.

Sasa tuingie karakanani.

Nianze na kusubu, kwa kuwa vito vingi vya mitindo huzaliwa hapo. Njia ya kwanza ni ya nta inayoyeyushwa, na ni ya kale mno. Mafundi wa Ife na Benin, katika Nigeria ya leo, waliitumia kutengeneza vichwa vinavyostaajabisha ulimwengu mpaka leo. Waasante wa Ghana waliitumia kwa vipimo vyao vya kupimia dhahabu, vidogo vya kutosha kufumbatwa kiganjani, kila kimoja na umbo lake. Unachonga umbo kwa nta, unalifunika kwa udongo, unapasha moto hadi nta itiririke nje, kisha unamimina madini katika nafasi iliyobaki.

Karakana ya leo hufanya jambo hilohilo kwa wingi. Umbo la kwanza, ambalo siku hizi mara nyingi huchorwa kwenye kompyuta na kuchapwa kwa resini, hufungiwa ndani ya mpira. Mpira ukishaiva hupasuliwa kwa kisu, umbo hutolewa, na pango linalobaki hujazwa nta ya moto tena na tena, pete moja baada ya nyingine. Pete hizo za nta hubandikwa kuzunguka kigogo cha nta mpaka ukapata kile ambacho mafundi hukiita mti. Mti husimamishwa ndani ya kopo la chuma na kumwagiwa uji wa plasta iliyochanganywa na unga wa silika, na hewa iliyomo ndani ya uji huvutwa kwa pampu. Hatua hiyo ya pampu isirukwe. Povu moja likinasa kwenye nta litageuka kidonge cha chuma juu ya pete, na mtu atakaa na tupa kukisugua, na anapokisugua anakula pia nakshi iliyokuwa jirani.

Umbo la kwanza lazima liwe kubwa kidogo kuliko pete mnayoitaka. Mpira husinyaa, nta husinyaa, na madini husinyaa yanapopoa. Kwa kidani haisumbui sana. Kwa pete, tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya kidole kikubali au kikatae.

Kopo likishakauka huingia tanurini, likapashwa polepole kwa saa nyingi hadi nyuzi 730 hivi za Selsiasi. Nta hutoka, mabaki yake huungua, plasta hukauka kabisa. Ukipandisha moto kwa pupa, unyevu ulio ndani hugeuka mvuke na kuipasua plasta, madini hupenya kwenye nyufa, na pete hutoka na mapezi. Ukifupisha muda, masizi ya nta hubaki na kuacha vishimo usoni. Ukizidisha moto napo unaharibu, kwa kuwa kinachoshikilia plasta hiyo ni jasi, na jasi ikipita kiwango chake huvunjika na kutoa gesi ya salfa inayochafua madini. Tanuri, basi, linahitaji saa na kipimajoto, na mtu anayeviheshimu vyote viwili.

Kisha kuna brasi yenyewe, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Brasi nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 900 na 1,000, na zinki iliyo ndani yake huchemka kwenye nyuzi 907. Fikirini maana yake: kila mnapoyeyusha brasi, zinki inatafuta njia ya kutoroka. Ule moshi mweupe unaopanda kutoka kwenye chungu ni zinki inayoungua. Ukiacha mchanganyiko ukae motoni, rangi yake huelekea wekundu, na kundi la mwisho la pete halifanani na la kwanza. Anayevuta moshi huo naye hupata homa na kutetemeka saa chache baadaye. Yeyusheni upesi, msizidishe moto, na muwe na feni inayovuta hewa kwenda nje. Mlango ulio wazi hautoshi.

Njia ya pili ya kusubu ni ya kalibu ya mpira inayozunguka, na kama mmewahi kuona lundo la vishaufu, pini za kifuani na vifungo vya mapambo vikiuzwa kwa wingi, basi mmeona kazi yake. Chukua visahani viwili vinene vya mpira ambao haujaiva. Panga maumbo ya kwanza katikati yake, karibu na ukingo. Vibane kwenye shindilio lenye joto hadi mpira uive, kisha uvifungue, ukate kwa kisu njia za madini kutoka katikati kwenda kwenye kila pango, na njia nyembamba za kutolea hewa. Pakaza ulanga kidogo, funga, zungusha kwa kasi, na umimine madini kwenye tundu la katikati. Mzunguko huyasukuma hadi kwenye kona ndogo kabisa. Baada ya dakika moja au mbili unafungua na kukuta makumi ya vidani vimeganda. Vikonyo vilivyobaki hukatwa na kurudishwa kwenye chungu.

Mpira hauwezi kuhimili brasi, kwa hiyo hapa hutumika aloi zinazoyeyuka kwa joto dogo. Bati tupu huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, na huongezewa antimoni na shaba ili lipate ugumu. Zinki, inayoyeyuka kwa nyuzi 419, huhitaji mpira wa silikoni. Naipenda njia hii. Inampa mtu mwenye mtaji mdogo uwezo wa kuanza, na inanakili nakshi kwa uaminifu wa kushangaza. Lakini aloi ya bati ni laini. Nikiona kijiti cha hereni, kile kinachopita kwenye tundu la sikio, kimesubiwa kwa bati pamoja na hereni yenyewe, naiweka chini. Kitapinda, kisha kitakatika. Kijiti kiwe cha chuma cha pua kinachofaa mwilini au cha titani, kiwekwe ndani ya kalibu kabla ya kumimina, au kiunganishwe baadaye kwa njia inayofaa madini yale mawili.

Katika aloi hizi ndimo ilimofichwa risasi kwa miaka mingi. Risasi ni rahisi, nzito mkononi, hutiririka vizuri na huyeyuka kwa nyuzi 327. Kila sifa ambayo msubu angeitamani inayo, ila ni sumu, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu mtoto hutia kila kitu mdomoni. Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtoto wa miaka minne alimeza kidani cha bangili akafariki. Kidani hicho kilipopimwa kilikutwa ni risasi karibu tupu. Leo Umoja wa Ulaya unaruhusu risasi isiyozidi asilimia 0.05 ya uzito katika sehemu za vito, na kadimi isiyozidi asilimia 0.01. Marekani inaweka kikomo cha asilimia 0.01 ya risasi kwa vitu vya watoto. Nawasihi msisubiri mkaguzi. Msinunue vipande vya madini visivyo na cheti cha mchanganyiko, na msiyeyushe vyuma chakavu vya asili msiyoijua ili kuvitengenezea vito. Kadimi nayo ilikuwa ikitiwa katika lehemu za fedha za zamani, na moshi wake unaweza kumuua aliyeshika bomba la moto. Kama mna fimbo za lehemu zisizo na lebo, msizitumie.

Nakuja kwenye bamba la brasi na shindilio. Hapa sitaficha upendeleo wangu: kwa hereni, kwa bangili nyembamba, kwa kitu chochote kipana na chepesi, kukata na kubonyeza kwa shindilio kunashinda kusubu. Madini yaliyosubiwa huwa na vitundu ndani, hata kama havionekani. Bamba lililopitishwa kati ya magurudumu ya chuma limeshikamana, halina vitundu, na uso wake uko tayari kung'arishwa. Kalibu ya chuma kigumu, iliyochongwa nakshi kinyumenyume, hukaa chini. Ya juu hushuka kwa nguvu ya tani nyingi. Bamba la nusu milimita linatoka likiwa jani lenye mishipa yake yote. Gharama iko kwenye kuchonga kalibu. Ikishachongwa, jani la elfu ni kali sawa na jani la kwanza.

Brasi, hata hivyo, hukumbuka kila kipigo. Ukiipiga au kuikunja inakuwa ngumu, na ukiendelea inapasuka. Lazima katikati ya kazi uipashe moto hadi ilainike, uiache ipoe, uisafishe ukoko mweusi kwa asidi hafifu, ndipo urudi kwenye shindilio. Umbo lenye kina huhitaji kurudi hivyo mara kadhaa. Wapo wanaoruka hatua hiyo wakaokoa gesi, na nyufa zikajitokeza baada ya kuchovya kwenye dawa ya dhahabu, wakati kila kitu kimeshalipiwa. Kwa upande mwingine, ugumu huo tunautumia: klipu ya sikio au kifungo cha mkufu hupigwa mara ya mwisho bila kupashwa moto tena, ili kibaki na mruko wake.

Kwa nakshi za nyuzinyuzi ambazo shindilio lingezirarua, kuna njia ya kula kwa dawa. Bamba jembamba hupakwa utando unaoganda kwa mwanga, mchoro huangaziwa juu yake, sehemu zisizoganda huoshwa, kisha kloridi ya feri hula shaba iliyobaki wazi. Vikapu vyembamba vya hereni mnavyoviona, vyepesi kama unyoya, mara nyingi vimetokana na njia hiyo. Dawa iliyotumika imejaa shaba iliyoyeyuka na haimwagwi mtaroni. Inawekwa kwenye madumu na kushughulikiwa, na gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Minyororo na mikufu ni somo la siku nzima, nitaipita kwa haraka. Udodi, yaani waya, unavutwa kupitia chamburo, kipande cha chuma chenye matundu, tundu baada ya tundu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka upate unene unaoutaka. Sonara huuvuta kwa mkono. Kiwandani huvutwa na ngoma zinazozunguka, na mashine hukunja, hukata na kuunga viungo kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Jambo la kukagua ni mwanya wa kila kiungo: umelehemiwa au umebanwa tu? Mkufu wa kubanwa unakubalika kwa udodi mnene. Kwa udodi mwembamba utafunguka siku utakaponaswa na nywele au sweta. Na vile vipete vidogo vya kuunganishia havifunguliwi kwa kuvitanua. Mnavipindisha upande, mwisho mmoja mbele na mwingine nyuma, kisha mnavirudisha vivyo hivyo, la sivyo umbo la duara halirudi tena.

Kuhusu mawe na rangi nitasema mambo mawili tu. Kioo chenye ncha nyuma humeta kwa sababu nyuma yake kimepakwa utando wa kioo cha kujitazamia. Maji yakipenya nyuma ya jiwe, utando huo huwa mweusi na jiwe hufa. Ndiyo maana nasisitiza makucha yaliyofungwa vizuri, na gundi ya epoksi iwe msaidizi wake. Pale ambapo jiwe bapa halina njia ila gundi, sehemu yake isafishwe mafuta na ikwaruzwe kidogo kwanza, na gundi ipewe muda wake wote wa kukauka kabla kazi haijasogezwa. La pili ni enameli. Enameli ya kweli ni unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya shaba kwa nyuzi 750 hadi 850, kwa hiyo haiwezekani kuiweka juu ya zinki, ambayo ingekwisha yeyuka zamani. Rangi mnazoziona kwenye vishaufu vya zinki na bati ni resini iliyotiwa rangi. Si vibaya, inapendeza, ila iitwe resini, na anayeuza asiseme ni enameli ya moto.

Sasa nafika pale nilipotaka kufika tangu mwanzo: kuchovya.

Kabla ya umeme, dhahabu ilibandikwa kwa zebaki. Fundi aliyeyusha dhahabu ndani ya zebaki hadi ikawa kama siagi, akaipaka juu ya shaba, akaipasha moto. Zebaki iliruka hewani, dhahabu ikabaki. Ilishika vizuri sana, na mafundi wake walitetemeka mikono, wakapoteza meno, wakafa mapema. Mwaka 1805 Luigi Brugnatelli wa Italia alitumia umeme wa betri kufunika medali za fedha kwa dhahabu. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham walipata hataza ya njia iliyofaa kiwandani, na kuanzia hapo mvuke wa zebaki ukaanza kuondoka katika vifua vya mafundi. Umeme ulikuwa, kwanza kabisa, ukombozi wa wafanyakazi.

Kanuni yake ni nyepesi. Kito kinaning'inizwa ndani ya dawa yenye chumvi ya dhahabu, kikaunganishwa na upande hasi wa umeme. Dhahabu iliyo ndani ya dawa huvutwa na kutua juu yake. Unene hutegemea umeme na muda. Lakini dawa haina huruma wala maarifa. Inafunika kile ilichokikuta. Ikikuta mkwaruzo, utapata mkwaruzo wa dhahabu. Ikikuta mafuta ya kidole, dhahabu haitashika pale kabisa, na baada ya wiki itabanduka kwa alama ya kidole kilekile.

Kwa hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya kuchovya inafanyika kabla ya dhahabu. Kito husuguliwa kwa msasa, kisha hung'arishwa kwa gurudumu la kitambaa, au huzungushwa ndani ya pipa lenye vipande vya chuma na maji ya sabuni. Huoshwa kwenye beseni la mawimbi ya sauti, mabaki ya nta ya kung'arishia yatoke kwenye nakshi. Huondolewa mafuta, husuuzwa, huchovywa kwenye asidi hafifu, husuuzwa tena. Hapo kuna jaribio lisilogharimu chochote: mwagieni maji safi na muangalie. Maji yakitambaa juu ya uso wote bila kukatika, ni safi. Yakijikusanya matonematone au kuacha kisiwa kikavu, rudini mwanzo. Sijui kipimo kingine chenye thamani kubwa namna hiyo kwa bei ndogo namna hiyo.

Tabaka la kwanza ni shaba. Kwa vito vya zinki, shaba hiyo lazima itoke kwenye dawa ya alkali, kwa kuwa dawa ya asidi ingeila zinki kabla haijaifunika. Juu yake huja shaba ya dawa ya asidi, inayojaza mikwaruzo midogo na kuleta mng'aro wa kioo. Kisha, na hili ndilo tabaka linalorukwa na wengi, huwekwa kizuizi. Shaba na dhahabu zikigusana hazikai kila moja kwake. Chembe za shaba husafiri taratibu kuingia katika dhahabu, na dhahabu ikiwa nyembamba zinafika juu, zinakutana na hewa na jasho, zinakuwa nyeusi. Watu husema dhahabu imechuja, na kumbe mara nyingi shaba ndiyo iliyopanda.

Kizuizi kilichozoeleka ni nikeli. Ni ngumu, inang'aa, ni rahisi, na ndiyo inayowasha ngozi za watu wengi kuliko madini mengine yoyote ya vito. Mtu akishapata mzio wa nikeli anabaki nao maisha. Ulaya ilianza kuidhibiti kwa agizo la mwaka 1994. Sheria ya sasa inataka kitu kinachogusa ngozi kwa muda mrefu kisiachie zaidi ya maikrogramu 0.5 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki, na kijiti kinachopita kwenye tundu la mwili kisizidi maikrogramu 0.2. Kupima, kito huwekwa katika jasho la maabara kwa wiki moja, kisha jasho lenyewe huchunguzwa. Mbadala upo: mchanganyiko mweupe wa shaba, bati na zinki, au paladi kwa kazi ya bei ya juu. Rai yangu ni moja kwa wanaoanza leo: jengeni karakana isiyo na beseni la nikeli. Ni ghali zaidi kidogo, na masikio ya wateja wenu yatakaa salama.

Ndipo dhahabu ije. Nataka mpate picha halisi ya unene wake. Chukueni bangili yenye uso wa sentimita za mraba 50. Ukiifunika kwa dhahabu safi ya unene wa maikroni 0.1 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), umetumia takriban miligramu 10. Ukiifunika kwa maikroni 2.5, umetumia karibu robo ya gramu, yaani mara 25 ya ile ya kwanza. Kwa macho bangili hizo mbili ni pacha. Muuzaji asiyesema lolote anaweza kuzipanga kwenye trei moja. Nchini Marekani, miongozo ya biashara inataka kitu kinachouzwa kwa jina la kuchovywa dhahabu kwa umeme kiwe na angalau maikroni 0.175, na fedha iliyofunikwa dhahabu kwa jina la vermeil iwe na maikroni 2.5. Kuna pia ile ambayo karatasi ya dhahabu hubanwa juu ya brasi kwa joto na mgandamizo kabla umbo halijatengenezwa. Kwa desturi dhahabu yake ni sehemu moja ya ishirini ya uzito wote, na ndiyo inayodumu kuliko zote.

Unene peke yake, hata hivyo, haufanyi kazi ya kizuizi. Dhahabu ya wastani juu ya kizuizi kizuri na uso safi itaishi zaidi ya dhahabu nene iliyolazwa juu ya shaba tupu yenye mafuta. Pete pia huchakaa kuliko hereni, kwa sababu pete husuguana na kila kitu mkono unachokishika. Haina maana kuzipa unene mmoja. Wekeni dhahabu pale msuguano ulipo.

Na kabla sijasahau lililo zito kuliko yote niliyosema: dawa nyingi za kuchovyea, za shaba na za dhahabu, zina sianidi. Sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua kwa dakika chache. Mabeseni ya asidi na ya sianidi yasikae jirani, maji yao ya kusuuzia yasiingie mfereji mmoja, na mtu asifanye kazi hiyo peke yake usiku. Kwa karakana ndogo isiyo na mfumo wa hewa na wa maji machafu, ushauri wangu ni kupeleka kazi kwa mchovyaji mwenye vifaa na leseni. Nyumbani, jikoni, karibu na watoto, kazi hii haifanyiki. Hali kadhalika unga wa plasta ya kusubia: una silika, na silika ikikaa mapafuni haitoki. Barakoa ya kweli, siyo kitambaa.

Nina ombi la mwisho, na nimelibeba muda mrefu. Kila kito kinachotoka mikononi mwenu kiwe na kadi ndogo. Iandikwe madini ya chini ni nini, kizuizi ni kipi, dhahabu ni maikroni ngapi, kijiti cha sikio ni cha nini, jiwe limeshikwaje. Mistari mitano. Wapo watakaosema mteja hasomi. Wa kwanza hatasoma. Mwenye mzio atasoma, mama anayemnunulia mtoto atasoma, na mchovyaji atakayeletewa bangili hiyo miaka mitano baadaye kuichovya upya atasoma, naye atajua aanze na dawa gani bila kuiharibu.

Mezani pale nimeleta vipande vilivyokatwa katikati na kusuguliwa, pamoja na lenzi: brasi iliyosubiwa, brasi ya shindilio, zinki yenye shaba juu yake, na pete mbili zilizochovywa, moja ina kizuizi na nyingine haina. Karibuni mviangalie, na maswali tuyaulizie hapohapo.